Sala ya Kunitoa Dukani

Kwetu walokole, mkishaombeana mazungumzo yamekwisha. Mtu husema Amina, hushika mkoba wake, huondoka. Ndugu Laban alilijua hilo, na ndivyo alivyonitoa dukani mwake mara tatu.

Anauza matangi ya maji Kilifi mjini. Mimi nafundisha chekechea huku Ganze, na wazazi walinituma nikanunue tangi la kukingia mvua ya masika, ili watoto wasinywe tena maji ya bwawani pamoja na ng'ombe. Nilimchagua Laban kwa sababu tuliimba kwaya moja chuoni. Alipokea malipo yote, akaahidi kulileta wiki hiyo hiyo.

Nilipofuatilia mara ya kwanza, lori lilikuwa limeharibika. Mara ya pili, dereva alikuwa amefiwa. Mara zote mbili tuliagana kwa maombi. Ya tatu hakutaja hata sababu. Alifumba macho, akamsihi Mungu anipe moyo wa subira. Nilisema Amina, nikaenda zangu. Mtu aliyeingia nyuma yangu akimfokea alipakiwa tangi lake kabla sijavuka barabara.

Mvua ilianza Jumatatu mchana. Mifereji tuliyokuwa tumeifunga pembeni mwa paa ilijaa, ikamwaga maji yote mchangani. Watoto walipanga vikombe vya uji nje, wakashangilia vikijaa. Hawe Kahonzi, bibi ya mmoja wao, alisimama mlangoni akitazama maji yakikimbilia barabarani.

"Mwalimu," akasema, "huyo ndugu yako humwambii neno?"

Nilimjibu kwamba sipendi kugombana na mtu wa imani.

"Basi iambie mvua ingoje mmalize kuheshimiana."

Mvua haikungoja. Ilinyesha siku nne, ikakata. Siku ya tano nilishuka Kilifi, mimi ambaye hata kuomba chenji huona haya. Laban alikuwa na wateja wawili. Alinikaribisha kwa uchangamfu, akaniuliza habari za huduma, kisha akanyoosha mikono tuombe. Tukaomba. Nikasema Amina. Sikuinuka.

"Kuna jingine, dada?"

"Tangi, kaka."

"Si tumeliweka mikononi mwa Bwana?"

"Bwana hakupokea malipo. Sikutukani, wala sikuchukii. Lakini nitakaa hapa mpaka lipakiwe, na atakayeniuliza nangoja nini nitamwambia ukweli."

Laban alicheka, akawaambia wateja kwamba siku hizi hata walokole wamekuwa wakali. Nilikaa. Mteja mmoja akaniuliza, nikamweleza bila kuongeza chumvi, akaaga kwamba atarudi kesho. Wa pili akamfuata. Kufikia adhuhuri lori lilikuwa limepona.

Laban mwenyewe alilisindikiza tangi hadi Ganze, pamoja na dereva. Mawingu yalikuwa yameshahama na jua limerudi. Tangi likateremshwa, likasimamishwa chini ya mifereji mikavu. Wazazi walitazama tu. Hakuna aliyepiga kigelegele.

Akataka tuliweke wakfu kwa maombi. Nikamwambia tutaomba, ila kwanza awaeleze wazazi kwa nini limefika mvua ikiwa imekwisha. Aliangalia viatu vyake, akataja lori.

"Si lori, kaka," nikasema.

Hakuna aliyemsaidia. Hawe Kahonzi aligeuka akaenda zake, na wengine wakamfuata mmoja mmoja, tukabaki Laban, mimi na dereva. Habari ya maombi hakuitaja tena. Aliniomba maji ya kunywa.

Nilimletea kikombe. Yalikuwa ya bwawani. Tulikuwa tumeyachuja na kuyachemsha, lakini rangi haikuwa imetoka. Sikukusudia kumtia aibu. Hatukuwa na mengine. Aliyatazama, akasema kumbe hana kiu sana.

Nikakipokea kikombe, nikayanywa mwenyewe, maana huku maji hayamwagwi. Kisha nikamsindikiza hadi kwenye lori, nikamtakia safari njema.