Visima vya Marehemu Wetu

Kwetu zamani, mzee wa heshima akifa alichongewa kigango, nguzo ya mbao yenye kichwa na mabega, ikasimikwa karibu na boma. Kigango hakingʼolewi, hata ukoo wote ukihama. Sisi tulioko London ni watu wa kanisa, mambo ya vigango tumeyaacha. Badala yake tunachimba visima. Mama akifa tunachanga, anaitwa mwenye mtambo wa kuchimba, na baada ya muda kuna tangi jeusi juu ya mnara, paneli za sola, na jiwe lililoandikwa kwa herufi za dhahabu kwamba hiki ni kwa kumbukumbu ya mama yetu mpendwa. Picha inatumwa kwenye kundi la WhatsApp na watu wanaandika Amen. Nimeandika Amen nyingi mimi mwenyewe.

Tatizo ni kwamba tumefiwa sana. Vijiji vyetu vitatu, Kwa Dadu, Mitsanzeni na Kibaoni Kipya, vimepangana karibu na bahari huko Kilifi, na siku hizi ukitembea huko huwezi kupiga kona bila kukutana na marehemu wa mtu akitoa maji.

Bridget alinipigia simu Jumapili moja baada ya ibada. Bridget ni binti wa mama yangu mdogo, kwa hiyo ni dadangu. Anakaa Kilburn na kazi yake ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Aliniambia mdogo wake, Dama, aliye nyumbani Kwa Dadu, ana mimba ya miezi mitano na presha imeshaanza kupanda. Mimba ya kwanza ilikuwa hivyo hivyo, na mtoto alizaliwa amekufa. Safari hii nesi wa zahanati alimuuliza anakunywa maji gani, akayaonja, akayatema. Akamwambia aache maji hayo. Dama alipouliza ahamie yapi, nesi alimwambia visima vyote vya upande ule vinaingia chumvi.

Wazee wa vijiji walikuwa wameambiwa tangu mwaka uliotangulia. Jibu lao lilikuwa moja: visima ni vya watoto wa London, wao hawawezi kugusa kitu chenye jina la mzazi wa mtu. Basi Bridget akalipeleka jambo hilo kwa mwenyekiti wa chama chetu cha London, Mzee Fanuel, na mkutano ukaitwa Stratford, kwenye ukumbi wa kanisa tunaoukodi.

Injinia wa maji aliyepima visima vyetu, kijana anayeitwa Victor, alizungumza nasi kwa video kutoka Kilifi. Alieleza vizuri, siwezi kumlaumu. Maji matamu ya kwetu yameelea chini ya ardhi juu ya maji ya bahari, kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi. Ukiteka polepole unapata mafuta. Ukiteka kwa pupa, tena kila mtu na kijiko chake, mchuzi unapanda. Alisema vijiji vyote vitatu vinateka sufuria moja. Vifungwe visima vya karibu na bahari, vibaki vichache vya juu, mbali na bahari, na hivyo vipigwe pampu kwa zamu, kijiji baada ya kijiji. Kijiji kimoja kikikataa, kazi ya wengine ni bure.

Hakuna aliyebisha. Mzee Fanuel, ambaye alifanya kazi stesheni ya Stratford mpaka akastaafu na anajua kusema na watu, alisimama akatangaza kwamba tumekubaliana in principle. Tukapiga makofi. Hapa mjini kampuni ya maji ikisema msimwagilie bustani kwa mpira tunatii sote, hata sisi tusio na bustani, kwa hiyo nilidhani watu wazima tutaweza.

Kisha Victor akauliza kianze kisima kipi. Jane wa Kibaoni Kipya, ambaye ni nesi, alisema cha babake ni kipya, hata jiwe halijawekwa wakfu. Mwingine akasema chao kinanywesha shule. Mzee Fanuel alitazama karatasi zake. Kisima cha babake pale Mitsanzeni ndicho kikubwa kuliko vyote.

Bridget alisimama.

"Anzeni na cha mama," alisema. "Kiko karibu na bahari kuliko vyote. Mimi na Dama tushaongea. Kifungeni, lakini please, wengine mfuate. Dama hana muda."

Mzee Fanuel alimkumbatia. Akamwahidi mbele ya wote kwamba cha babake kitafuata kabla mwezi haujaisha.

Kilifungwa Jumamosi mchana. Nilikuwa jikoni kwa Bridget tukitazama kwenye simu yake. Walingʼoa pampu, wakamimina zege, na Dama alisimama pembeni mkono kiunoni, tumbo limetangulia. Alisema mama atamwelewa. Bridget alimjibu ndiyo, mama hana neno, halafu akaiweka simu kifudifudi mezani akalia. Nilijivunia dada zangu siku ile.

Mwezi ukaisha. Nilimwendea Mzee Fanuel mwenyewe, nikamkuta kwake na chai yake, na akanieleza kwa upole kwamba babake amemjia ndotoni. Alisimama mlangoni, midomo imekauka, hasemi.

"Mimi ni Mkristo, unanijua," alisema. "Sisemi ni koma, mizimu ya wazee. Lakini baba ni baba, mwanangu. Nitamziba mdomo vipi?"

Nilimuuliza na Dama je. Akasema tunamwombea.

Ilipojulikana kwamba mwenyekiti ameota, ndoto zikaenea kama mafua. Jane aliota. Wenye kisima cha shule waliota, tena mtu na mumewe. Nilikasirika mpaka nikashindwa kula, maana katika marehemu wote waliotoka makaburini kuja London kulalamika, hakuna hata mmoja aliyelalamika kwamba maji yake yana chumvi. Niliwauliza hivyo kwenye kundi. Nikaambiwa nina dharau na nimesahau nilikotoka.

Wakati huo kina mama wa Kwa Dadu, kwa kuwa kisima walichokitegemea kilifungwa, walikuwa wanavuka kwenda Mitsanzeni, kwa babake Mzee Fanuel. Foleni ikawa ndefu, na Mzee Fanuel akaona huruma. Akanunua pampu kubwa zaidi. Video yake ilipokelewa kwa Amen nyingi kuliko harusi. Victor aliandika kwamba pampu hiyo itaharibu kila kitu, na akaomba tukutane tena. Ujumbe wake ulifunikwa na pongezi, ukapotelea huko juu.

Kabla ya mvua, maji ya Mitsanzeni yalibadilika ladha. Dama alikuwa anayabeba kichwani kutoka huko. Bridget alimtumia pesa za kununua maji ya chupa na Dama alinunua kweli, lakini nyumba ile ina watoto wa shemeji zake, na mtu hawezi kunywa peke yake watoto wakimtazama. Aliwapa wao. Bridget alimsihi ahamie Malindi kwa rafiki yake mpaka ajifungue. Mama mkwe akasema mwanamke hazalii kwa watu wakati ana kwake.

Mwezi wa nane wa mimba Dama alishikwa na degedege akiwa anaosha vyombo. Walimpakia kwenye bodaboda, mtu mmoja mbele, mwingine nyuma akimshika. Alifariki njiani, na mtoto akafa naye.

Tulikusanyika Kilburn kwa Bridget Jumamosi iliyofuata, mchana. Viatu vilijaa mpaka kwenye ngazi za majirani. Jane alishika jiko, akapika chai na mahamri, akaosha vikombe, hakukaa chini hata kidogo. Mzee Fanuel alilia machozi ya kweli. Ningefurahi kama angekuwa mnafiki, ningejua pa kuielekeza hasira yangu, lakini yule mzee alimpenda Dama tangu akiwa mtoto.

Baada ya maombi akasimama, akafuta uso kwa kitambaa. Alisema Dama alikuwa binti wa vijiji vyote vitatu na hatuwezi kumwacha apotee hivi hivi. Alisema safari hii tushirikiane kweli, Kwa Dadu, Mitsanzeni na Kibaoni Kipya, mkono mmoja. Tumchimbie kisima. Kirefu, cha kisasa, chenye jina lake.

Chumba kizima kilisema Amen.

Bridget alikuwa ameketi sakafuni, amejifunga leso kichwani. Aliinua uso.

"Dama hakuwaomba kisima," alisema. "Aliwaomba mfunge."

Jane alitoka jikoni, akapiga magoti na kumkumbatia, akamwambia, lia dada, lia, usizuie. Mtu akaanzisha wimbo. Niliona wazi kwamba kwao yale hayakuwa maneno, ulikuwa uchungu wa mfiwa, na uchungu unabembelezwa, haujibiwi. Bridget naye aliliona hilo. Alikiegemeza kichwa chake kwenye bega la Jane.

Niliondoka kabla hawajamaliza kuimba. Nilikuwa sijafika stesheni simu ilipoanza kutetemeka. Mzee Fanuel alikuwa ameshatuma picha ya jiwe, jeusi, la kungʼaa, na watu walikuwa wanajadili kama Dama aandikwe kwa jina la babake au la mumewe. Jane aliuliza tufanyeje kuhusu mtoto, kwa kuwa hakuwahi kupewa jina. Nikiwa nimesimama mlangoni pa stesheni, watu wakinipita, majina ya kumpa mtoto yakaanza kuingia.