Duara la Shemeji

Kabla shemeji yake hajaenda semina, Fundi alikuwa na ujinga wake wa kutengeneza friji ya mtu yeyote aliyempigia simu. Akisikia barafu haigandi, alibeba mkoba wa spana na mtungi wa gesi, akapanda pikipiki yake, akaenda. Miaka tisa aliishi katika giza hilo, maskini, bila kujua kwamba biashara inatakiwa iwe na eneo la huduma.

Semina ilikuwa ya siku mbili, chai juu ya waandaaji. Shemeji, mdogo wa mumewe, aliyekuja kukaa wiki moja na sasa alikuwa anaingia mwezi wa nne, alirudi na kalamu ya bure na cheti chenye jina lake lililokosewa. Hajawahi kuuza hata kiberiti, ila sasa alikuwa mtaalamu.

"Shemeji, unajitawanya mno," alimwambia Fundi. "Mshika mbili moja humponyoka."

Mume naye akaongeza lake: "Mpe nafasi mdogo wangu. Kasoma." Basi Shemeji akapewa meza karibu na mlango, akapewa na simu ya duka.

Ramani ya mji ilikuwepo, ile iliyochapwa kwenye kalenda ya ukutani. Akaomba mfuniko wa sufuria wa kuchorea eneo la huduma. Jambo moja tu lilimkera: duka lao lilikuwa pembeni kabisa mwa ramani, hivyo mfuniko ukiwekwa juu yake, nusu nzima inaangukia ukutani. Duara gani hilo la nusu? Akausogeza ndani, katikati ya karatasi, hadi ukakaa vizuri, kisha akazungusha kalamu. Likatoka duara la kupendeza. Waliomo ndani watahudumiwa, walio nje watajiju wenyewe. Fundi, aliyekuwa amelala chini ya friji ya mteja, alisema "sawa" bila kutazama, kama mtu anavyosema sawa kwa shemeji.

Wiki hiyo hakuwa na akili ya ramani. Mama Dawa, mwenye duka la dawa mlango wa tatu kutoka dukani kwake, alikuwa anafungua maduka mengine mawili, na alitaka fundi mmoja wa kuangalia friji zote za dawa mwaka mzima. Angeamua Ijumaa. Kwa Fundi, hiyo ndiyo ilikuwa tofauti kati ya kuwa na duka na kurudi kufanyia kazi barazani kwake. Aliitaka kazi ile mpaka usingizi ukampaa. Lakini alijipa moyo: nani mwingine alikuwa jirani?

Ijumaa asubuhi Shemeji akamtuma ng'ambo ya mto. Kwenye ramani palikuwa vidole viwili tu kutoka dukani. Mto nao ulikuwepo, mstari mwembamba wa buluu, ila inaonekana semina haikugusia mito. Fundi akazunguka hadi darajani, saa nzima na nusu, vumbi mpaka kwenye meno, akakuta friji nzima kabisa. Plagi ilikuwa imechomoka.

Aliporudi mchana, pikipiki ya fundi mwingine ilikuwa imeegeshwa mbele ya duka la dawa. Akaingia. Nyuma ya kaunta mwanamume alikuwa amepiga magoti, mkono umezama ndani ya friji ambayo Fundi aliijua mpaka skrubu ya mwisho.

"Ilizima saa tatu," alisema Mama Dawa, akipanga insulini kwenye boksi la barafu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuuma Fundi zaidi. "Nilikuwa na foleni, sikuweza kuacha kaunta. Nikakupigia simu."

"Na?"

"Shemeji yako akaniuliza niko mtaa gani. Nikamtajia. Akasema samahani, niko nje ya eneo la huduma. Nikamwambia jamani, mimi ni mlango wa tatu, hata nikikohoa unanisikia. Akasema ramani ndivyo inavyosema."

"Mama, mimi sikujua," alisema Fundi.

"Nakuamini, mwanangu. Lakini wagonjwa hawali ramani. Nimempa huyu kazi, na yale maduka mawili pia."

Kurudi dukani kwake zilikuwa hatua arobaini na moja. Fundi alizihesabu.

Shemeji alikuwa mezani, amekunja nne. "Leo nimekataa simu tano," alisema kwa fahari. "Watu wameanza kuheshimu mipaka."

Fundi akasimama mbele ya kalenda na kuitazama, kwa mara ya kwanza, kwa makini. "Sisi tuko wapi hapa?"

Shemeji akainuka. Akatafuta kwa kidole ndani ya duara, akatafuta tena, kidole kikatoka nje taratibu, kikavuka mtaa wa pili, kikafika ukingoni mwa karatasi.

"Tuko nje kidogo," alikiri. "Lakini mpaka si ukuta, shemeji. Tunaweza kuusogeza."

"Sogeza," alisema Fundi, machozi yakimtiririka na wala hakuyafuta. "Anza na begi lako."