Salfa Yangu na Mbuzi wa Bi Zainabu

Nilitukanwa kabla sijanawa uso. Bi Zainabu, jirani yangu hapa Ziwani, alisimama kwenye mpaka wa mikorosho yetu akapaza sauti kijiji kizima kisikie.

"Athumani! Salfa yako imeniulia mbuzi wawili, na huyu wa akika ya mjukuu wangu naye anakohoa! Umeridhika?"

Lo! Miaka yote napulizia mikorosho salfa ya kuzuia ukungu, hajafa hata kuku. "Mama, usinipake matope," nikamjibu. "Namleta dokta wa mifugo akwambie mwenyewe." Nikawasha pikipiki kwa hasira, hata chai sikunywa.

Dokta Jesca alimpima mbuzi homa, akamsikiliza kifua. "Si salfa. Hii ni homa ya mapafu ya mbuzi. Mmempa dawa gani?"

"Penisilini, ya dukani," akasema Bi Zainabu.

"Ndiyo maana haijasaidia. Penisilini huua bakteria kwa kuharibu ukuta wake. Bakteria wa ugonjwa huu hana ukuta kabisa."

"Kumbe!" nikaropoka. "Hana nyumba, sisi tunampelekea bomoabomoa!"

Jesca akacheka. Bi Zainabu hakucheka. Mbuzi akachomwa dawa nyingine, isiyohitaji ukuta wa kubomoa. Kisha Jesca akauliza, "Wanaambukizana kwa kukohoa. Anachungwa pamoja na mbuzi wa nani?"

Pamoja na wangu.

Zizini kwangu, wawili walikuwa na homa tayari, nami sikuwa nimeona lolote. Wote wakachomwa siku hiyohiyo. "Ungechelewa kidogo," Jesca akasema, "ungezika zizi zima."

Mbuzi wa Bi Zainabu dawa ilimkuta amezidiwa, akafa. Wangu walipona wote. Jesca aliporuhusu mifugo itolewe tena zizini, nikachagua jike aliyenona kuliko wote, nikampelekea Bi Zainabu.

"Hii fidia ya salfa?" akauliza, amenuna.

"Salfa haina kosa, mama. Hii ni asante. Usingenitukana siku ile, nisingemleta dokta, na leo zizi langu lingekuwa tupu. Mfanyie mtoto akika yake."

Akamkumbatia yule mbuzi shingoni, akalia. Na mimi nikalia, wala sioni haya kusema. Kisha akajifuta kwa ncha ya kanga.

"Siku nikinyamaza, Athumani, ndiyo uogope."