Ufunguo wa Tatu

Mimi si mmbea. Napenda tu kujua. Ndiyo maana mume wangu na kaka yangu waliponuniana ghafla, roho ilinikereketa hadi chakula kikanishinda.

Wawili hao ndio walioanzisha sarafu ya kidijitali ya mafundi wa jengo letu: washonaji, wapaka rangi, wasusi kama mimi. Tulichanga ili tununue jenereta moja kubwa la pamoja. Mchango ulikaa kwenye pochi ya mtandaoni, isiyofunguka mpaka simu mbili zikubali, ya mume wangu na ya kaka. Kila Jumamosi walikaa saluni kwangu bega kwa bega kuidhinisha michango ya wiki: "Moja, mbili, bonyeza!" Hakuna aliyewalazimisha kubonyeza sekunde ileile. Ilikuwa raha yao tu.

Sasa jenereta limepatikana, muuzaji anasubiri, na hakuna anayebonyeza. Wanachama wakanishukia mimi. "Mama Saluni, pesa zetu ziko wapi?" Zipo, nikawaambia, zinaonekana kabisa, ila hazishikiki. Mshonaji wa ghorofa ya juu akaapa kuwa asipopata chake siku ileile, anakwenda polisi kuwashtaki wote wawili. Mume na kaka, selo moja! Presha ikanipanda.

Nikamuuliza mume. "Mambo ya biashara hayo, mke wangu." Ninyamaze? Thubutu! Nikamwacha mteja kichwa nusu, nikashuka hadi kibandani kwa kaka, anakotengeneza simu.

"Dada, rudi kwako," akasema, macho kwenye simu aliyoifungua.

"Sirudi. Mmegombania nini?"

"Wewe."

"Mimi tena?"

"Nilitaka tuongeze ufunguo wa tatu, yaani simu ya tatu. Wawili kati ya watatu wakikubali, pochi inafunguka. Mmoja akiugua au akiibiwa simu, pesa za watu zisikwame. Nikasema upewe wewe. Shemeji akagoma, eti nataka kumzunguka. Nami nikaapa sibonyezi kitu mpaka akukubali."

Nilipanda ngazi nikiongea peke yangu. Nimemzalia, nimemuuguza, nimemfichia siri zake hata kwa mama yake!

"Unaniona mwizi?" nikamvaa mume wangu saluni.

"Hapana."

"Mropokaji?"

Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Wewe na kaka yako mmetoka tumbo moja. Nyie wawili, mimi mmoja. Ningebaki pambo."

Iliniuma, sifichi. Iliniuma hadi machozi yakanitoka. Lakini watu walishajaa ngazini. Nikampigia kaka aje mbio, nikawaketisha wote wawili kwenye viti vya wateja.

"Warudishieni watu chao sasa hivi. Ubia wenu mtauvunja baadaye."

Wakabonyeza, kila mmoja akitazama ukuta wake. Simu za wanachama zikaanza kulia ngazi nzima, mshonaji akashangilia kama kashinda bahati nasibu. Kaka akaondoka bila kuaga.

Mume wangu alibaki kitini. Alinitazama kama mtu anayetaka kuuliza bei ya kitu asichoweza kukinunua.

"Hebu niambie kweli," akasema. "Ungepewa huo ufunguo, halafu mimi na kaka yako tukabishana, ungebonyeza na nani?"

"Na mwenye haki."

Akaichomeka simu mfukoni taratibu. "Hicho ndicho nilichokuwa nakiogopa."