Kopo la Matobolwa

Mdomo wa Bibi Batuli haukuwa na breki, na Gongoni nzima ilijua hivyo. Kwa mjukuu wake Anifa, mtoto wa miaka minane, ndiyo kabisa alizidisha. Bibi na mjukuu ni watani, na mjukuu wa kike ni mke mwenza, lazima akione cha moto.

Basi baba yake, Mfaume, alipompa talaka mama yake Anifa na kuhamia Ziba kwenye biashara ya ng'ombe, Batuli alimtania mtoto palepale walipokuwa wakinywa chai kwa matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha. Alitaka asilie.

"Mke mwenzangu, kwa tumbo hilo baba yako angekaaje? Kaona bora ng'ombe, wanashiba!"

Anifa akacheka. Bibi akajipongeza: dawa imeingia.

Tangu siku ile, mtoto akawa kila chakula anamega matonge mawili matatu, "Nimeshiba." Akapimwa malaria, hana. Kisha Batuli akifagia uvunguni mwa kitanda, fagio likagonga kopo limejaa matobolwa.

"Unawafugia panya?"

"Ya baba," Anifa akasema. "Akirudi akute sijamaliza chakula."

Batuli akakaa chini na fagio lake. "We mtoto! Bibi alikuwa anakutania tu."

"Lakini baba ameondoka kweli."

Mdomo usio na breki ukazimika. Batuli alikuwa ameapa hataongea na mwanamume aliyemwacha binti yake. Akampigia simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe. Mwanao hali, anadhani tumbo lake ndilo lililokufukuza. Mwambie kwa nini umeondoka. Usimdanganye."

Simu ikawekwa sauti kubwa. Mfaume alikohoa, akakohoa tena.

"Anifa, mimi na mama yako tumeshindwana. Wewe hukufanya kosa. Wala si chakula, mwanangu. Kula."

"Utarudi?"

Huko ng'ombe akalia.

"Kukaa hapo, hapana. Kukuona, Jumamosi nakuja."

Chakula cha mchana Anifa alikula, ugali na mlenda, polepole, akimtazama bibi. Utani ulimwasha Batuli ulimi, akaumeza. Pembeni mwa sahani mtoto akabakisha tonge moja.

Batuli aliliona. Akachukua kawa, akalifunika.