Beji Yenye Uzi Mwekundu

Fundi miwani alikuwa na ugonjwa wa kukusanya beji za zamani za skauti, hasa zile zilizotolewa kwa kupiga kambi. Yeye mwenyewe hakuwahi kuwa skauti hata siku moja. Alipofika umri wa kujiunga, kikosi cha shuleni kwao kilikuwa kimeshakufa, akabaki kutazama picha za kaka zake wakiwa na skafu shingoni. Alipopata duka lake akaanza kuzisaka beji hizo kwa wauza mitumba, kwa watu wanaohama nyumba, popote. Alizipanga kwenye fremu ya kioo ukutani, na chini ya kila moja akabandika karatasi ndogo inayoeleza mwenye beji alitakiwa kujua nini: kuwasha moto kwa kuni zenye unyevu, kusimamisha hema upepo ukivuma, kulala nje na kuamka mkavu.

Mke wake hakuacha kumtania. "Baba watoto, jiko la gesi lenyewe linakushinda, lakini ukutani umejaza sifa za watu."

"Zina wenyewe," alijibu. "Mimi nazitunza tu."

Asubuhi moja yenye mawingu akaingia bibi mmoja mrefu, ameshika miwani iliyovunjika mkono. Mtaa mzima ulimwita Mama Mkunga, maana kabla ya kustaafu alizalisha karibu kila mtu pale, pamoja na fundi mwenyewe. Miaka yote alikuwa akitengenezewa miwani hospitalini alikofanya kazi, kwa hiyo dukani humo hakuwahi kukanyaga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ulizaliwa unalia sana wewe. Haya, nitengenezee hii."

Fundi akainama na bisibisi yake. Alipoinua macho, bibi alikuwa amesimama mbele ya fremu, pua karibu iguse kioo.

"Hii ya pembeni, yenye hema na nyota," alisema. "Ni yangu."

"Mama, hizo ni beji za skauti."

"Na mimi nilikuwa nani, mpishi wao? Ifungue uigeuze. Nyuma kuna uzi mwekundu. Mama yangu aliishiwa na uzi wa kijani, akasema nani atachungulia upande wa ndani."

Fundi akafungua fremu. Uzi mwekundu ulikuwepo, mabaki yake yameng'ang'ania kitambaa. Siku zote alidhani ni uzembe wa kijana fulani asiyejua kushona. Akamnyooshea bibi ile beji kwa mikono miwili, japo roho ilimuuma. Katika zote alizonazo, hiyo ndiyo aliyoipenda zaidi.

"Irudishe tu," bibi alisema. "Mimi natamani kitu kingine. Nataka kulala kwenye hema tena. Wanangu hawaniruhusu hata kupanda kiti nibadilishe balbu. Wewe utabeba mizigo, mimi nitakufundisha. Au unapenda beji tu, kazi yake huitaki?"

Fundi akajikuta amekubali kabla hajafikiri.

Kesho yake dukani akaingia binti wa Mama Mkunga, mwalimu wa hesabu, hata mkoba hajauweka chini.

"Kaka, nasikia unataka kumlaza mama yangu porini. Ana presha. Vidole vyake havikunjiki vizuri. Akishikwa na baridi, nani atamuuguza, wewe?"

"Dada, mimi nimeombwa tu. Siwezi kumkatalia mtu aliyenipokea duniani."

Mwalimu akaweka mkoba wake juu ya meza. Akaitazama fremu kwa muda. "Basi na mimi nakuja," alisema hatimaye. "Na gari langu litakaa karibu. Nitalala humo."

Walikwenda Jumamosi mchana, kwenye malisho ya rafiki wa mwalimu, kando ya msitu mdogo. Mama Mkunga alizunguka huku na huko kama mtu anayechagua kiwanja cha kujenga. Chini ya mti wenye tawi kavu alikataa. Bondeni palipokuwa na majani mazuri alikataa pia. Mvua ikija, alisema, maji yangewafuata kitandani. Akachagua mwinuko mdogo ambao hakuna mwingine angeugusa.

Hema waliloazima likatandazwa. Bibi akapiga magoti, akashika kamba ya kwanza. Akaizungusha, ikaponyoka. Akaizungusha tena. Vidole vilikuwa vinakumbuka pa kwenda, ila havikufika. Alijaribu mara nyingi, kisha akakaa kwenye majani, mikono mapajani. Binti yake akapiga hatua moja kumwendea, akasita.

Fundi akapiga magoti kando yake. "Niambie, mama, mimi nitafunga. Kazi yangu ni skrubu ndogo kuliko punje ya mtama."

Bibi akafuta pua kwa ncha ya kitenge. "Haya. Pitisha chini. Usiwe na pupa. Zungusha, ingiza hapo hapo. Taratibu, taratibu… sasa, sukuma!"

"Mama!" mwalimu alipasuka kwa kicheko. "Hiyo ni kamba, si mjamzito!"

Wakacheka wote watatu mpaka fundi akaiachia kamba, ikabidi aanze upya. Lakini fundo la pili lilishika, na la tatu likawa bora, na hema likasimama limekazwa kama ngoma.

Moto ndio uliowatesa. Manyunyu ya asubuhi yalikuwa yamelowesha kuni zote. Mwalimu akataka kuchota mafuta kwenye gari. Mama yake akamkata jicho. Akawaelekeza wabandue maganda na kuchonga mpaka wafike kwenye moyo mkavu wa kuni, wapange vijiti vyembamba kama njiti za kibiriti, wasirundike. Mwalimu ndiye aliyelala kifudifudi kupuliza, moshi ukamtoa machozi, nywele zikajaa majivu. Mwali ulipochomoza alipiga kelele kama mtoto, na tangu hapo hakumruhusu mtu kugusa moto wake. Walipika viazi, wakanywa chai yenye harufu ya moshi.

Jua lilipozama mvua ikarudi. Fundi aliingia chini ya turubai alilojifungia mwenyewe kwenye miti. Mwalimu akatazama gari, akatazama hema, akavua viatu.

"Sogea, mama."

"Si ulisema utalala garini?"

"Sogea bwana, nalowa."

Asubuhi bibi alitoka kwanza, mkavu kabisa, anajinyoosha. Fundi alitambaa kutoka chini ya turubai na mguu mmoja wa suruali ukichuruzika maji.

"Umefaulu nusu," bibi alimwambia.

Kisha akawasimamia kusafisha. Majivu yalipopoa wakayatawanya, mawe wakayarudisha yalipotoka, majani yaliyolala wakayainua kwa mikono. Akawapeleka mbali kidogo na kuwaamuru wageuke. Fundi alitafuta hema lilipokuwa, asipaone.

Hapo akatoa beji mfukoni. Alikuwa amekuja nayo bila kumwambia mtu. "Mama, ichukue. Ile siku ulikataa, lakini—"

"Ile siku nilikuwa naringa," bibi alisema. "Ilete."

Akaigeuza, akaupitishia uzi mwekundu ukucha wa kidole gumba, akaitia ndani ya blauzi. Fundi alijiona mwepesi, na mwenye njaa.

Wakati wa kurudi Mama Mkunga alilala kwenye kiti cha mbele, mdomo wazi, kitenge kinanuka moshi. Mwalimu akazima redio na kupunguza mwendo kila palipokuwa na shimo. Walipokaribia mjini akamtazama fundi kupitia kioo.

"Kaka," alinong'ona, "mahema yanauzwa wapi? La watu wanne hivi. Na mkeo anaweza kupenda?"