Nyota ya Mpokea Simu

"Usivute huo uzi, dada, itafumuka yote," Arlys alisema, akaichukua beji mkononi mwa mgeni wake.

Mgeni alicheka. "Nisamehe. Mikono yangu haijazoea kukaa bure."

Arlys aliduwaa, mkasi umemganda mkononi. Sauti ile aliijua kuliko ya mchungaji wake.

Kwa miaka thelathini alikuwa akitarizi beji za kipolisi katika mji huu mdogo wa Minnesota, hizi za mapambo, za kushona kwenye majaketi na mikoba. Wiki iliyopita askari wa kaunti walimletea jaketi la jinzi. Verlene, mmoja wa wapokea simu za dharura, anastaafu, na kwa miaka ishirini na sita hajavaa beji yoyote, maana kazi yake ni ya chumbani. "Mtilie nyota," walisema, "ila isifanane na yetu." Arlys alitarizi nyota ya buluu, na katikati, badala ya ndege tai wa beji za askari, akaweka hedifoni za uzi wa dhahabu. Alirudia mara tatu. Mara mbili waya wake ulitoka kama mkia wa panya.

Sasa mwenye jaketi alikuwa mbele yake, na theluji haijayeyuka kwenye buti zake.

"Wewe ndiye uliyenihesabia," Arlys alisema. "Januari, miaka kumi iliyopita. Mume wangu Duane alianguka jikoni. Ukaniambia, 'Kandamiza kifua, mama, tunahesabu pamoja.'"

Kicheko kilimwisha Verlene. "Nyumba ya karibu na ghala la nafaka. Mbwa alikuwa anabweka."

"Hiyohiyo."

"Nilimsikia huyo mbwa mpaka gari la wagonjwa lilipofika, simu ikakatwa. Sisi hatuambiwi mwisho wake, unajua? Ikikatwa, imekatwa." Alishika ukingo wa meza. "Nimeogopa kuuliza miaka yote hii."

Duane alikuwa amelala nyuma ya kanisa, na hilo halifichiki. Utamshukuru mtu vipi kwa habari yenye kaburi ndani yake?

"Alifariki," alisema, na alipouona uso wa mwenzake ukisawijika, akaharakisha. "Lakini si siku ile! Ulitupa miaka minne, dada. Minne mizima! Alicheza dansi na binti yetu harusini. Alivua samaki kwenye barafu, alikoroma, alinigombeza kwa kahawa nyepesi. Shukrani yangu imechelewa, najua, lakini kawia ufike. Asante. Asante sana."

Verlene alifuta macho kwa mkono wa koti, kisha akalivua lile koti na kuketi, bila hata kulitazama jaketi lake.

"Nihadithie tangu mwanzo," alisema. "Huo mwaka wa kwanza, alifanya nini?"

Arlys alizima cherehani, akavuta kiti cha pili, akaanza na chumvi ambayo daktari alimkataza Duane, naye akawa anaificha gerejini.